Mambo 12 ya Kujua Kabla na Baada ya Kuchora Tatuu, Kuanzia Dogo Hadi Kubwa (Bishana Ukiweza)

Mchoro umeshauchagua, usikatae. Umo kwenye simu yako, katikati ya picha ya risiti ya M-Pesa na ile ya shati unalotaka fundi akushonee. Ni simba, au waridi, au saa isiyo na mishale, au sentensi ya Kiingereza kuhusu kutokata tamaa. Bega limeshatengwa. Kilichobaki ni pesa na ujasiri, na bila shaka hicho cha pili ndicho kilichokuleta hapa.

Basi tumekupangia mambo 12, kuanzia la kupuuzwa hadi la kukunyima usingizi. Kipimo ni kimoja tu: jambo hili likienda kombo, litakusumbua kwa muda gani na litakugharimu nini? Baraza la upangaji lina mjumbe mmoja, ambaye ni mimi, na rufaa hazisikilizwi. Bishana tu, ruksa. Ila nikuonye mapema: jina la mpenzi wa zamani halipo namba moja. Hata tano bora halimo. Shuka nalo taratibu, utaona kwa nini.

12. Mchoro una mwenyewe

Mwaka 2003 Mike Tyson alijichora uso. Mwaka 2011 ikatoka filamu ya The Hangover Part II, ambamo kuna bwana anaamka na mchoro uleule usoni mwake. Mchoraji wa Tyson akaishtaki kampuni ya Warner Bros.: mistari ile niliibuni mimi, mmeitumia bila ruhusa. Jaji alikataa kuizuia filamu isionyeshwe, lakini madai yenyewe hakuyatupa, na mwishowe pande mbili zikaelewana nje ya mahakama.

Yaani uso ni wa Tyson, ngumi ni za Tyson, maumivu yalikuwa ya Tyson, ila mistari ina mwenyewe. Kwa hiyo ile picha uliyoikuta mtandaoni ilibuniwa na mtu kwa ajili ya ngozi ya mtu mwingine. Mwambie mchoraji akubunie ya kwako.

Hukumu: lala usingizi. Hakuna atakayekushtaki kwa nanga ya begani, labda siku Hollywood wakikupigia simu.

11. Maumivu

Ndilo swali la kwanza la kila mtu, na ndiyo maana limepewa nafasi ya pili kutoka mwisho. Mashine huchoma ngozi kwa kasi inayoweza kufika mara 3,000 kwa dakika, lakini sindano inazama milimita moja hadi mbili tu. Inauma, hatudanganyani, ila inauma kwa madaraja.

Msimamo wa ligi ni huu: mbavu, kwapa, kiwiko, muundi na juu ya wayo wanagombea ubingwa. Paja na upande wa nje wa mkono, huku juu karibu na bega, wamekaa mkiani kwa amani. Kanuni ya kukumbuka: mfupa ukiwa karibu au ngozi ikiwa laini, utaimba.

Usinywe "mbili za kutuliza". Pombe huongeza damu kutoka, kazi ya mchoraji inakuwa ngumu, na mteja aliyelewa hukubali mchoro wowote anaoonyeshwa. Kula ushibe, kunywa maji, nenda mchana.

Hukumu: maumivu makali ni ya siku hiyo tu. Mengine yote yaliyobaki kwenye orodha hii huendelea baada ya siku hiyo.

10. Mahakama ya nyumbani

Mama atauliza nani amekufundisha. Shangazi atauliza nani atakuoa. Mjomba atanyamaza, na huyo ndiye wa kuogopwa. Ukiwa Muislamu, utakumbushwa kwamba wanazuoni wengi wanaikataza tatuu kwa hadithi za Mtume, na kwamba hina ipo na ni halali. Ukiwa Mkristo, utafunguliwa Mambo ya Walawi 19:28. Ukijitetea kwa Wakristo wa Koptiki wa Misri wanaochora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, utaulizwa kama wewe ni Mmisri.

Ila utetezi mmoja usiuguse kabisa: ule wa "haya ni mambo ya kisasa". Ötzi, yule mtu wa barafuni aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, alikufa miaka kama 5,300 iliyopita, na mwili wake una alama 61. Karibu zaidi na nyumbani, Wamakonde wa Mtwara na wa ng'ambo ya Ruvuma walichanja nyuso, wakasugua unga wa mkaa kwenye chale, na rangi ikabaki mpaka kaburini. Hata barakoa zao za mapiko huwekewa chale hizo kwa nta. Bibi wa Kimakonde alichorwa bila mashine, bila ganzi, bila selfi, na hakuandikwa popote sentensi ya Kiingereza kuhusu kutokata tamaa.

Hukumu: kesi utashindwa, na adhabu ni hotuba ndefu. Kama bado unaishi kwa wazazi, kumbuka kwamba mahakama na chumba chako viko nyumba moja.

9. Herufi

Mwaka 2000 David Beckham alichora jina la mkewe Victoria mkononi kwa maandishi ya Kihindi. Wanaojua kuyasoma wakasema kuna "h" imejiingiza isipohusika. Kama mtu mwenye pesa zile anaweza kutembea na herufi ya ziada, wewe uliyeshusha maandishi ya Kichina kutoka mtandaoni una bima gani?

Kabla ya wino kuna karatasi. Mchoraji huibandika kwenye ngozi, anaibandua, na mistari ya zambarau inabaki. Hapo ndipo pa kusimamisha gari. Usikague kwa kioo, kwa sababu kioo hugeuza maandishi, na kamera ya mbele ya simu nayo mara nyingi hukuonyesha kinyumenyume. Mwite mtu mwingine, asiyejua ulitaka kuandika nini, asome herufi moja moja kwa sauti. Akisita hata kidogo, futa ubandike upya. Mistari ya zambarau inatoka kwa spiriti. Ile inayofuata haitoki.

Usibane herufi pia. Wino hutanuka kidogo chini ya ngozi kadiri miaka inavyokwenda, na vitundu vidogo vya "e" na "a" huziba. Leo umeandika Pendo, miaka kumi baadaye inasomeka Pondo, la kusukumia mtumbwi.

Hukumu: tumia lugha unayoielewa. Kiswahili kinachoreka vizuri tu, na kikikosewa utakuwa wa kwanza kujua.

8. Jina la mpenzi

Najua, ulitaka liwe namba moja. Tulia. Tuanze na ligi ndogo ya majina. Jina la mtoto: salama, huyo hakuachi rasmi. Jina la mama: salama, na huenda likapunguza hasira za namba 10. Jina la marehemu: salama kuliko yote, hawezi kubadili mawazo. Jina lako mwenyewe: halina madhara, ila tunajiuliza ulitegemea kupotea wapi. Jina la mpenzi wa miezi mitatu: tunakuombea.

Angelina Jolie aliwahi kuwa na joka mkononi pamoja na jina la mumewe wa wakati huo, Billy Bob. Ndoa ilipovunjika, leza ikaitwa. Baadaye mkono huohuo ukapata kazi mpya: vipimo vya ramani vya mahali walipozaliwa wanawe, na ndani yake zimo Ethiopia na Namibia. Fundisho ni zuri: alimwondoa mume akaweka watoto. Lakini usisahau kwamba yeye alikuwa na pesa za leza. Wewe una pesa za shati la mikono mirefu. Dar es Salaam. Mwezi wa Januari.

Dawa ya kienyeji ipo: tafuta mwingine mwenye jina hilohilo. Kina Neema na kina Juma wamejaa. Ukimpenda mwenye jina adimu, chora ua.

Hukumu: fedheha tupu, lakini fedheha haijawahi kumlaza mtu wodini. Nafasi ya nane inamtosha.

7. Kazi na damu

Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakiweka sharti kwamba mwombaji asiwe na tatuu mwilini. Na kwa kuwa wanaoomba kazi hizo hupimwa afya, usidhani mikono ya shati itakutetea. Kama ndoto yako ni magwanda, chora kwenye daftari. Huko Japani, mabwawa mengi ya maji moto humrudisha mlangoni mtu mwenye tatuu, kwa sababu michoro mikubwa ya mwili inahusishwa na magenge ya yakuza. Kwa hiyo kipepeo wako wa kifundoni anaweza kukufanya jambazi wa kimataifa kwa dakika chache, ukiwa na taulo.

Kuchangia damu nako kuna kusubiri. Tatizo si wino kuingia kwenye mfuko wa damu. Maambukizi mapya huchukua muda kabla ya kuonekana kwenye vipimo, basi wanakuweka pembeni kwanza. Urefu wa kusubiri hutofautiana kati ya nchi na nchi. Marekani, kwa mfano, mwaka 2020 ilishusha kutoka miezi 12 hadi mitatu. Ukifika kwa wahudumu wa damu, sema ulichora lini. Hapo si mahali pa kuficha kwa shati.

Hukumu: uso, shingo na viganja vifikiriwe mara mbili na mtu yeyote anayetafuta kazi. Mwenye duka lake na ajichore hadi kope.

6. Rangi na ngozi yetu

Hapa ndipo picha za mtandaoni zinapowaumiza wengi. Wino unakaa kwenye ngozi ya ndani. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, iko juu yake. Maana yake kila tatuu uliyonayo unaitazama kupitia ngozi yako, kama abiria anayeangalia barabara kupitia kioo cha tinti. Barabara ipo palepale, ila usitegemee kuona njano ya fulana ya muuza karanga.

Msimamo, basi. Nyeusi: bingwa wa kudumu, kwenye kila ngozi na kila umri. Buluu iliyokolea, kijani kilichokolea na nyekundu nzito: zinaingia robo fainali kwenye ngozi ya maji ya kunde, na hupungua nguvu ngozi inapozidi weusi. Waridi jepesi, njano na nyeupe: zimetolewa hatua ya makundi, nyingi hugeuka kivuli cha rangi isiyo na jina. Na nyekundu, licha ya uzuri wake, ndiyo inayoongoza kwa kuleta mzio, kuwasha na kuvimba, wakati mwingine miaka baada ya kuchora.

Ombi moja kwa mchoraji: akuonyeshe picha za kazi zake zilizokwisha kupona, kwenye ngozi inayofanana na yako. Za siku ileile hazihesabiwi. Tatuu yoyote mbichi, iliyopakwa mafuta na kupigwa taa, inapendeza.

Hukumu: mistari minene, nyeusi, yenye nafasi. Upinde wa mvua waachie wenye ngozi ya karatasi.

5. Keloidi

Kovu la kawaida linajua mwisho wa kidonda. Keloidi halijui. Linakua, linavuka mpaka, linajenga, na watu wenye ngozi nyeusi tunaongoza kulipata. Maeneo linayoyapenda ni kifua, mabega, mgongo wa juu, ndewe za masikio na taya. Sasa angalia maeneo ambayo wanaume wengi wanataka kumweka simba: kifua na bega. Simba na keloidi wanagombea kiwanja kimoja.

Kabla hujalipa, jikague. Tundu la hereni liliacha donge? Alama ya chanjo ya kifua kikuu ya utotoni imevimba na kung'aa? Ukinyoa ndevu, shingo inaota vijiwe visivyoondoka? Baba, mama au ndugu wa tumbo moja wanayo? Jibu likiwa ndiyo, muone daktari wa ngozi kabla ya kumuona mchoraji. Na jihadhari na anayekwambia nyumba yake haina keloidi kwa sababu sindano zake ni nzuri. Keloidi linatoka kwako, sindano inalifungulia mlango tu.

Hukumu: ulitaka simba wa kuchorwa, ukapata wa kuchongwa.

4. Piko ya "kujaribu kwanza"

Wengi wanaogopa sindano, wakasema ngoja nianze na ile ya kupakwa ufukweni, itatoka yenyewe. Wazo ni zuri, shida ni kilichomo ndani ya kibakuli.

Tenganisha vitu viwili. Hina ni majani yaliyosagwa. Inataka saa kadhaa ikolee, rangi yake ni ya machungwa inayoelekea hudhurungi, na inaondoka baada ya wiki moja hadi tatu kwa sababu imepaka tabaka la juu la ngozi ambalo lingepukutika hata hivyo. Maharusi wa Unguja, Mombasa na Lamu wameipaka kizazi hadi kizazi. Piko nyeusi tii, ile inayokolea upesi, mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo PPD. Sheria za Ulaya zinairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na hazikubali ipakwe ngozini hata kidogo. Ufukweni hakuna anayepima asilimia.

Kwa wengine hakitokei kitu. Kwa wengine, siku kadhaa baadaye ua linaanza kuwasha, linavimba, kisha malengelenge yanatoka yakifuata kila mstari na kila jani, kwa utiifu wa kusikitisha. Linaweza kuacha baka au kovu. Na mwili hausahau: mzio wa PPD ukishaingia ni wa maisha. Miaka 30 baadaye unataka kuficha mvi kwa rangi nyeusi, uso unavimba mpaka macho yanafumba.

Hukumu: tatuu ya muda yenye kumbukumbu ya kudumu. Ya sindano angalau ilikwambia ukweli tangu mwanzo.

3. "Nikichoka nitaifuta"

Sentensi hii imetajirisha watu wengi, na wewe humo. Kwanza ujue unashindana na nani. Wino unapoingia, seli za kinga ziitwazo makrofeji hukimbilia kidonda na kuumeza. Zinashindwa kuusaga, basi zinakaa nao tumboni. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliziua seli hizo kwenye panya waliochorwa mkia, wakitazama kama mchoro utatoweka. Haukutoweka. Seli ikifa inautema wino, na seli mpya inaumeza palepale. Mwili wako, ndugu yangu, umeajiri walinzi wa zamu kulinda jina la mtu aliyekuacha.

Leza huvunja chembe za wino ziwe ndogo, kisha mwili unazibeba polepole. Vinahitajika vikao kadhaa, vyenye wiki sita hadi nane katikati, kwa hiyo hesabu mwaka au zaidi, na gharama kwa kawaida huipita ile ya kuchora kwa mbali. Kwa ngozi nyeusi kuna tatizo la ziada: melanini nayo hunyonya mwanga wa leza. Ukiangukia mikono isiyojua, wino unatoka na ngozi inabaki na mabaka, meupe au meusi, yaliyofuata umbo la herufi zilezile. Jina limefutwa na bado linasomeka. Uliza kama wanatumia leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo melanini huinyonya kidogo zaidi, na uliza wameshawatibu wangapi wenye ngozi yako.

Krimu na tindikali za kufutia zinazonadiwa mitandaoni zipite mbali. Zinaunguza ngozi ya juu, na wino uko chini yake.

Hukumu: kuchora ni alasiri moja, kufuta ni mkataba. Kufunika kwa mchoro mwingine ni rahisi zaidi, ila mchoro wa kufunikia lazima uwe mkubwa na mweusi zaidi. Ndiyo maana duniani kuna majoka mengi kuliko wapenda majoka.

2. Mwezi wa kwanza

Umetoka, umepiga picha, watu wameweka mioyo. Sasa sikiliza. Hicho ulichonacho mkononi hakijawa mchoro bado. Ngozi ya juu inahitaji wiki mbili hadi nne kujifunga, na ya ndani miezi.

Osha mikono kabla ya kugusa. Osha tatuu kwa maji na sabuni isiyo na marashi, ikaushe kwa kubonyeza na karatasi safi bila kusugua, paka mafuta kidogo aliyokuelekeza mchoraji. Kidogo, nimesema, ngozi inataka kupumua, haitaki kukaangwa. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya taa vibaki kwenye kazi zake za siku zote. Itabambuka na kuwasha kati ya siku ya nne na ya kumi hivi. Usibandue, usikune. Ukiamka shuka limeganda kwenye mkono, usilivute. Liloweshe maji mpaka liachie lenyewe.

Na bahari, tafadhali. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ Case Reports lilieleza kisa cha mwanaume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa mguu. Bakteria wa maji ya chumvi aitwaye Vibrio vulnificus akaingia, akakuta ini lake tayari ni bovu, na baada ya wiki kadhaa hospitalini akafariki. Ni kisa adimu, na lile ini lilichangia sana. Lakini kama safari ya Zanzibar imeshalipiwa, chora ukirudi. Usichore ukienda.

Jua ni adui wa maisha yote wa wino. Ngozi ikishapona, paka losheni ya kukinga jua, SPF 30 na kuendelea. Hapo kabla, funika kwa nguo. Wekundu unaosambaa, usaha, joto, homa: nenda hospitali siku hiyohiyo, na usianze kwa kuuliza kwenye kundi la WhatsApp.

Hukumu: mchoraji alifanya nusu ya kazi. Nusu yako haina picha ya kuweka mtandaoni, ndiyo maana wengi hawaifanyi.

1. Sindano

Ndiyo, sindano. Si mchoro, si bei, si mpenzi. Tatuu ni kidonda kwanza, picha baadaye, na kidonda kinaulizwa swali moja: kilichokichoma kilitoka wapi?

Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Aina ya C nayo husafiri kwa damu, na VVU vilevile. Jiji la New York lilipiga marufuku tatuu mwaka 1961 likitaja homa ya ini B, na halikuzirudisha hadi 1997. Huko Korea Kusini, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1992, kazi hii ikahesabiwa kuwa ya daktari, ikabaki hivyo kwa miongo mitatu. Unaweza kusema walizidisha. Mimi nasema angalau walikuwa wanaiangalia sindano, wakati wewe unaangalia simba.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti, kazi yako ni umbea. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, na tarehe ya mwisho wa matumizi uisome mwenyewe. Wembe wa kunyolea vinyweleo uwe mpya. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo, na utakaobaki umwagwe, usirudi chupani kumsubiri mwenzako. Usizimuliwe kwa maji ya bomba. Vifaa visivyo vya kutupa vipite kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi, na kupangusa kwa spiriti ni kujifariji. Halafu tazama glavu. Simu ikiita, akaipokea kwa glavu alizovaa, akasema "nipo na mteja", kisha mkono uleule ukarudi kwenye bega lako: simama. Simba asiye na mkia ni bora kuliko ini lisilo na afya. Na hapa usiombe punguzo. Kwenye viatu Kariakoo, sawa, mkabe muuzaji mpaka atokwe na jasho. Anayekupunguzia bei ya tatuu lazima apunguze kitu, na pengine ni hiyo pakiti.

Hukumu: mpenzi wa zamani unaweza kumfunika kwa joka. Homa ya ini haifunikwi.

Haya, leteni ubishi. Kuna atakayesema piko ilistahili mbili bora, na kuna fundi wa leza atakayedai namba tatu imemharibia biashara. Wa jina la mpenzi mnajijua, na nimeshawasikia. Ila kabla hujaanza kuandika, jua kwamba homa ya ini B ina chanjo. Watoto wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakichanjwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata. Kwa mtu mzima ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kapime, kachanje, usubiri. Ukimaliza ya tatu na bado unaitaka tatuu, nenda kachore. Na kama mchoro wenyewe ulikuwa jina la mtu, miezi sita inatosha kabisa kujua kama bado anapokea simu zako.